Sura ya Sita: Pingili na Sukari

Mfupa wa paja ukivunjika, mtaa mzima hupata habari. Mama yuko chini, mguu umegeuka upande, vijana wanahangaika kutafuta gari. Pingili ya mgongo ikivunjika, mara nyingi hata mwenyewe hajui. Kwa wanawake wazee, karibu theluthi mbili ya pingili zilizovunjika hazitambuliwi na tabibu yeyote wakati zinapovunjika. Zinakuja kuonekana miaka baadaye, kwa bahati, kwenye eksirei ya kifua iliyopigwa kwa sababu ya kikohozi. Kabla ya hapo mgonjwa alilalamika mgongo, akaambiwa ni uzee, au kwamba "pingili zimesagika", akapewa diklofenaki na mkanda wa kiunoni, akarudi nyumbani.

Katika kundi hilo yupo mwanamke ninayetaka tumwangalie kwa makini: aliyekoma hedhi miaka mingi iliyopita, na ambaye pia ana kisukari cha aina ya pili. Huyu ana tatizo la ziada. Akibahatika kufika penye mashine ya kupima msongamano wa madini ya mifupa, ile inayoitwa DEXA, anaweza kuambiwa kuwa mifupa yake ni mizima, pengine kuliko ya jirani yake asiye na sukari. Ataamini, daktari naye ataamini, na pingili zitaendelea kubonyea.

Pingili haikatiki vipande viwili kama mfupa wa mkono. Sehemu yake ya mbele, inayobeba uzito wa mwili, ina ganda jembamba nje, na ndani kuna wavu wa vijiti vya mfupa vilivyoshikana. Wavu ukidhoofika, sehemu hiyo inashuka, hasa upande wa mbele, hata ukiitazama kwenye picha ya ubavuni inaonekana kama kabari. Madaktari wa eksirei hutumia vipimo vilivyopendekezwa na Harry Genant na wenzake mwaka 1993: kimo cha pingili kikipungua kwa asilimia 20 hadi 25 ni hatua ya kwanza, hadi 40 ni ya pili, zaidi ya hapo ni ya tatu. Zinazoumia zaidi ni za katikati ya kifua, na zile za mahali kifua kinapokutana na kiuno.

Upande wa mbele ndio unaobebeshwa mzigo mtu anapoinama, na kazi za nyumbani kwetu ni za kuinama. Kuna ufagio wa chelewa usio na mpini, mbuzi ya kukunia nazi inayokaliwa karibu na sakafu mgongo ukiwa umekunjwa, beseni la nguo chini, ndoo ya lita 20 inayonyanyuliwa mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Kwa msichana si kitu. Kwa pingili iliyochoka, kuinua ndoo mara moja kunatosha, na hata kukohoa kwa nguvu kunaweza kutosha. Kliniki mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo bibi. Ulianguka?"

"Marahaba mwanangu. Sikuanguka mimi."

"Sasa mgongo umeanzaje?"

"Nilikuwa nasogeza mtungi wa gesi, basi."

Jibu la kwanza likiandikwa kwenye faili na la pili likaachwa, eksirei haitaombwa. Inapaswa kuombwa. Maumivu yaliyoanza ghafla siku inayojulikana, yanayozidi akikaa au kusimama na kupungua akilala chali, yanayozunguka mbavu kama amefungwa kamba, na yanayochokozwa ukigonga kwa ngumi taratibu pingili moja tu, hayo si ya uzee kwa jumla. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12, na hapo kila mtu husema dawa imefanya kazi. Pingili yenyewe hairudi kimo chake.

Kuna kipimo cha bei rahisi kuliko vyote nacho kimesahaulika. Kliniki za kisukari hupima uzito kila mgonjwa anapofika. Urefu, mara nyingi, huandikwa siku ya kwanza kisha hunakiliwa mwaka baada ya mwaka, kana kwamba mtu mzima hawezi kupungua. Hupungua. Mwanamke aliyepoteza sentimita 4 kutoka urefu wake wa ujanani, au sentimita 2 kati ya vipimo viwili vya kliniki, anastahili eksirei ya mgongo hata kama haumwi popote. Kama urefu wa ujanani haukuandikwa, nguo zinajua: dera lililokuwa likiishia kifundoni sasa linaburuta, na binti yake amelipandisha upindo akidhani ni mitindo. Msimamishe ukutani, visigino na makalio vikigusa ukuta, umwambie aguse ukuta kwa kisogo bila kuinua kidevu. Akishindwa, kuna mashaka. Pima pia kwa vidole nafasi iliyopo ubavuni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ikibaki vidole viwili au pungufu, mashaka yanaongezeka.

Nafasi hiyo ikiisha, matumbo hayana pa kwenda ila mbele. Mama anaonekana ana kitambi ilhali amekonda, anashiba kwa matonge matatu, anahema juu juu. Kwa mwenye sukari kushiba mapema ni hatari ya aina yake, kwa sababu kidonge cha asubuhi amekwisha kimeza na chakula kilichotegemewa hakikuingia. Sukari inashuka, kizunguzungu kinakuja, anaanguka. Na baada ya pingili ya kwanza kuvunjika, mwanamke mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja tu. Takwimu hiyo ilichapishwa mwaka 2001, na kwangu ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kutokuiacha pingili ya kwanza ipite bila kutambuliwa.

Sasa tuje kwenye sukari yenyewe. Kati ya mwaka 1986 na 1988 watafiti wa Marekani waliandikisha wanawake 9,704 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika vituo vinne: Baltimore, Minneapolis, Portland na bonde la Monongahela karibu na Pittsburgh. Wote walikuwa Wazungu. Wanawake weusi waliachwa mwanzoni kwa hoja kwamba nyonga zao huvunjika mara chache, wakaja kuongezwa katika miaka ya 1990. Msomaji wa Kiswahili afahamu hilo kabla ya kuendelea: sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya mifupa ya akina mama wetu wazee yalipimwa kwenye miili isiyo yao.

Hata hivyo kilichoonekana kilikuwa kizito. Mwaka 2001 Ann Schwartz na wenzake waliwachambua wanawake 657 wa kundi hilo waliokuwa na kisukari cha ukubwani. Msongamano wa mifupa yao ulikuwa juu kuliko wa wenzao. Kwa mantiki ya wakati huo, walipaswa kuvunjika mara chache kuliko wenzao. Lakini wale wasiotumia insulini walivunjika nyonga karibu mara 1.8 ya wasio na kisukari, na bega karibu mara mbili. Pingili hazikuingia kwenye orodha ya mifupa iliyoonyesha hatari kubwa zaidi, na kwa miaka kadhaa wengine walidhani mgongo wa mwenye sukari umesalimika.

Wajapani ndio waliousogeza mgongo mbele. Toru Yamaguchi, Masahiro Yamamoto na Toshitsugu Sugimoto wa Chuo Kikuu cha Shimane waliwapiga eksirei wagonjwa wao wa kisukari bila kungoja walalamike, wakahesabu pingili zilizobonyea. Mwaka 2009 waliandika kuwa wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjika pingili, na hatari hiyo haikuelezwa na msongamano wa mifupa. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kuwa kisukari huongeza uwezekano wa pingili mpya kuvunjika kwa karibu theluthi moja, na kwamba aliyekuwa na vyote viwili, kisukari na pingili iliyovunjika, alikufa mapema kuliko asiye na hata kimoja.

Kwa nini mashine haioni? DEXA hupima madini yaliyomo katika eneo la picha, basi. Wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni wanene, na uzito huulazimisha mfupa ujenge madini. Baridi ya uzee katika viungo huotesha vijiba pembeni mwa pingili, navyo huhesabiwa kama mfupa. Mshipa mkuu wa damu ulioganda chokaa, ambao kwa mwenye sukari ni jambo la kawaida, upo mbele ya mgongo na huongeza hesabu. Na hili ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria: pingili iliyobonyea ina madini yaleyale katika eneo dogo zaidi, kwa hiyo mashine huitangaza kuwa imara kuliko ilivyokuwa kabla ya kuvunjika.

Tatizo la mfupa wa mwenye sukari liko zaidi kwenye ubora kuliko kwenye wingi. Mfupa si madini matupu. Kuna nyuzi za protini ya kolajeni zinazoupa uwezo wa kupinda kidogo bila kupasuka. Sukari iliyozidi kwenye damu hujishika kwenye protini, na baada ya muda hutengeneza vifungo vinavyozikaza nyuzi. Ni mmenyuko uleule unaolibadilisha andazi rangi kuwa kahawia kwenye mafuta ya moto, ila mwilini unakwenda polepole, bila moto, kwa miaka. Kimoja cha vifungo hivyo kinaitwa pentosidini. Kundi lilelile la Shimane lilionyesha mwaka 2008 kuwa wanawake waliokoma hedhi wenye kisukari na pentosidini nyingi kwenye damu ndio waliokuwa na pingili zilizovunjika zaidi, na msongamano wa mifupa haukusaidia kuwabagua.

Wagonjwa wanakijua kipimo cha "sukari ya miezi mitatu". Nacho hupima sukari iliyojishika kwenye protini, ile ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi kisha hufa, na kipimo kinaanza upya. Kolajeni ya mfupa hukaa miaka. Mama aliyeishi na sukari ya juu miaka kumi kabla ya kugundulika, kisha akaidhibiti vizuri, damu yake imekwisha sahau. Mfupa wake bado. Na kibaya zaidi, kisukari hupunguza kasi ya ukarabati: seli zinazobomoa mfupa mkongwe na zile zinazojenga mpya zote huzubaa, kwa hiyo sehemu iliyokakamaa haiondolewi haraka. Mwaka 2014 watafiti wa Mayo Clinic walithubutu kupima jambo hili kwa mkono. Waliwachoma ganzi wanawake waliokoma hedhi, wakagusa uso wa mfupa wa muundi kwa sindano maalumu na kupima inavyozama. Mfupa wa wenye kisukari ulikubali kuingiliwa zaidi.

Kwa daktari, haya yana tafsiri ya moja kwa moja. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 kutambua udhaifu wa mifupa ni alama ya -2.5, yaani 2.5 chini ya kijana mwenye afya. Schwartz na wenzake walirudi mwaka 2011 na hesabu: mwanamke mwenye kisukari hufikia hatari ileile akiwa bado juu ya mpaka huo kwa takriban nusu alama. Wake wa -2.0 ni kama wa mwingine wa -2.5. Kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya kuvunjika mfupa na kilichotolewa Sheffield mwaka 2008, kiliuliza habari za baridi yabisi na uvutaji sigara lakini kisukari cha aina ya pili hakikukipa nafasi yake. Madaktari wakabuni njia: wanaweka alama ya baridi yabisi kwa mgonjwa asiyekuwa nayo. Unaidanganya kompyuta ili iseme kweli.

Mashine za DEXA ni chache Afrika Mashariki na nyingi ziko miji mikubwa, kwa hiyo kwa wasomaji wengi ubishi huu wa alama ni wa mbali. Mimi naona kuna faraja ndani yake. Kwa mwanamke huyu, kipimo ambacho hatuna ndicho hasa kinachopotosha, na eksirei ya ubavuni, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinayo, ndiyo inayosema.

Lakini eksirei isomwe na mtu anayekumbuka kuwa pingili hubonyea kwa sababu nyingine pia. Kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza daktari wa Kiingereza Percivall Pott mwaka 1779, bado kipo kwetu, na kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Kibiongo chake huwa cha pembe kali mahali pamoja, na mara nyingi hula nafasi iliyo kati ya pingili mbili, jambo ambalo udhaifu wa mifupa haulifanyi. Saratani iliyosambaa nayo inaweza kujitokeza kwanza kwa maumivu ya mgongo. Homa, jasho la usiku, kukonda, maumivu yanayozidi usiku akiwa amelala: hayo hayasubiri kliniki ya mwezi ujao. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Dawa za nyumbani zichunguzwe kwanza, maana nyingine zinavunja kimyakimya. Prednisoloni na ndugu zake, zikiwamo zile zinazofichwa ndani ya "dawa za asili za viungo" zinazoponya kwa siku mbili, hupandisha sukari na kula mfupa, na hula haraka zaidi miezi ya mwanzo, zikianzia kwenye pingili. Pioglitazoni ni dawa ya sukari isiyomfaa mwanamke wa namna hii. Jamaa yake rosiglitazoni, katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2006, ilihusishwa na wanawake asilimia 9.3 kuvunjika mifupa, dhidi ya 5.1 waliotumia metformini. Glibenklamidi hushusha sukari kupita kiasi kwa wazee, na Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kuwa haiwafai wenye zaidi ya miaka 60; gliklazidi ni bora. Na hiyo diklofenaki ya kila siku huumiza figo zilizokwisha umizwa na sukari.

Figo zina uzito hapa, kwa sababu dawa kuu ya mifupa inazitegemea. Alendroneti, ambayo siku hizi ni kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, ilipunguza pingili mpya kuvunjika kwa karibu nusu kwa wanawake ambao tayari walikuwa na pingili iliyovunjika, kutoka asilimia 15 hadi 8 katika miaka mitatu. Jaribio hilo lilitoka mwaka 1996. Dawa hiyo haitolewi uwezo wa figo ukishuka chini ya mililita 35 kwa dakika. Humezwa alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha mtu hakai kitako cha kujikunja wala halali kwa nusu saa. Ikikwama kooni inachoma. Mwenye sukari anayezoea kunywa dawa zote pamoja na uji aelezwe vizuri, la sivyo kidonge hakifiki mwilini. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza. Asidi ya zoledroniki ni dripu ya mara moja kwa mwaka, na katika jaribio la mwaka 2007 ilipunguza pingili kuvunjika kwa asilimia 70. Nayo ina sharti lilelile la figo.

Kudunga saruji ya mifupa ndani ya pingili kunaweza kupendekezwa kwa familia zinazosafiri kutibiwa India. Kabla ya kuuza kiwanja, zijue kuwa mwaka 2009 majaribio mawili, moja la Australia na jingine lililoongozwa kutoka Marekani, yalilinganisha saruji na upasuaji wa kuigiza tu, na maumivu yakapungua sawasawa kwa pande zote mbili.

Kulala kitandani kuwe siku chache, si miezi, maana mfupa usiobebeshwa mwili huisha. Mazoezi ndiyo, ila yapi? Mehrsheed Sinaki wa Mayo Clinic aliwafuatilia wanawake 59 na kuripoti mwaka 1984: waliopewa mazoezi ya kuinama mbele, asilimia 89 walibonyea pingili zaidi; waliopewa ya kunyoosha mgongo nyuma, 16. Kwa hiyo kugusa vidole vya miguu kuachwe. Ufagio uwekewe mpini mrefu, nazi ikunwe na mjukuu, maji yagawanywe kwenye vidumu viwili vidogo. Anayeswali na anaumia kwenye rukuu na sijda ana ruhusa ya kuswali ameketi, na sheikh yeyote wa mtaa atamthibitishia. Kuhusu chakula nitasema kidogo: dagaa wanaoliwa na miba yao na maziwa ya mgando hutoa kalsiamu, mchicha unayo nyingi lakini mwili huipata kidogo. Anayejifunika mwili mzima anapotoka apate jua uani, mikono na miguu ikiwa wazi. Usiku taa iwashwe njia ya kwenda chooni, kwani mwenye sukari huamka kukojoa na nyayo zake huenda hazihisi sakafu.

Kuna sindano moja ninayoiogopa, si kwa ubaya wake bali kwa jinsi inavyotufikia. Denosumabu huchomwa chini ya ngozi kila miezi sita, haibagui figo kama zile nyingine, ingawa kwa figo zilizochoka sana kalsiamu ya damu inaweza kushuka vibaya na lazima ipimwe. Inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana mtoto aliye Muscat au London humnunulia mama, akaileta kwenye mkoba wenye barafu, na kila mtu akashukuru. Ila nguvu yake ikiisha, ubomoaji wa mfupa hurudi kwa kasi kuliko ilivyokuwa mwanzo, na pingili kadhaa zinaweza kubonyea kwa mkupuo. Sindano inayofuata isichelewe zaidi ya mwezi mmoja, na anayeiacha lazima ahamishiwe dawa nyingine ya kulinda mfupa. Kwa hiyo kabla ya kuchoma ya kwanza, ijulikane ya pili itanunuliwa na nani, na itakaa kwenye friji ya nani umeme ukikatika.